Bei Isiyotajwa: Karo ya Chuo Kikuu na Mzazi wa Pwani

Hotuba kwa wazazi na wanafunzi waliomaliza kidato cha nne, Mombasa

Masheikh na mapadri mlioko hapa mbele, wazee wangu, mama zangu, walimu wenzangu, na nyinyi wanangu mnaosubiri kuitwa vyuoni: assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumze juu ya gharama ya chuo kikuu, na nadhani aliyeniomba alitaraji nianze kwa kulalamika kwamba chuo ni ghali. Sitaanza hapo. Ughali ni jambo ambalo mzazi wa mji huu amelizoea. Ananunua unga kwa bei asiyoipenda, analipa kodi ya nyumba inayopanda bila kumuuliza, na bado anapanga mambo yake yakapangika. Mtu akitajiwa bei, hata ikiwa kubwa, anaweza kuuza mbuzi, kuweka fedha chamani, kumpigia simu shemeji aliye Ghuba, au kukubali kwamba hana uwezo na kumtafutia mwanawe njia nyingine. Linalonisumbua mimi ni kwamba tangu mwaka 2023 mzazi wa Kenya anampeleka mtoto chuo kikuu bila kutajiwa bei. Mtoto huchagua kozi kwanza, akaitwa, akafungasha sanduku, na baada ya hayo ndipo nyumba hujulishwa itatakiwa kulipa kiasi gani. Hakuna mtu hapa anayeweza kuingia duka la Marikiti akanunua namna hiyo.

Tulifikaje hapa? Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza kujitegemea mwaka 1970, baada ya kuvunjwa kwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, serikali ilimlipia mwanafunzi kila kitu, naye akahitimu na kwenda kuitumikia serikali hiyo hiyo. Kuanzia mwaka wa masomo wa 1974/75 ukaja mpango wa mikopo, lakini haukuwa na sheria ya kuwadai waliokopa, na wengi wao, tuseme kweli, waliuhesabu kuwa tunda la uhuru. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, hii tunayoiita Helb, ilikuja mwaka 1995, yaani miaka ishirini baada ya mkopo wa kwanza kutolewa. Mimi ni mmoja wa waliosoma kwa posho ya enzi hizo, bumu, na sioni haya kusema kwamba sehemu ya bumu langu ilirudi nyumbani ikawa mabati. Ninayasema haya ili kijana asije akadhani kwamba sisi tunaomhubiria juu ya kujitegemea tulijitegemea. Hatukujitegemea, tulikuwa wachache tu, na wachache ni rahisi kuwalisha.

Uchache huo ulikwisha mwaka 1990, wanafunzi wa kwanza wa mfumo wa 8-4-4, yaani miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo, walipofika kwenye milango ya vyuo vinne vya umma. Mwaka uliofuata serikali ikawataka wanafunzi wajilipie chakula na sehemu ya karo, vyuo vikachafuka, vikafungwa, vikafunguliwa, na mwishowe pakabaki karo ya Sh16,000 kwa mwaka ambayo haikuguswa kwa miongo kadhaa. Kila kitu kingine kilipanda, isipokuwa hiyo. Mnaweza kuiona kuwa ni huruma ya serikali. Mimi naiona kuwa ni woga, kwa sababu hakuna kiongozi aliyetaka kuwa yeye ndiye wa kuigusa, na hakuna pia aliyetaka kuijaza tofauti iliyokuwa ikizidi kupanuka kati ya Sh16,000 na gharama halisi ya kumfundisha mtu uhandisi au udaktari.

Tofauti hiyo ilifichwa kwa muda na wanafunzi wa kujilipia. Kuanzia mwaka 1998 vyuo vya umma viligundua kwamba mtoto aliyefaulu lakini akakosa nafasi ya serikali, au baba yake mwenye kazi aliyetamani shahada ya jioni, yuko tayari kulipa karo kamili. Fedha ziliingia, majengo yakainuka, matawi yakafunguliwa katika miji ambayo wakati mwingine haikuwa na maktaba moja ya maana. Kisha ukaja mwaka 2016, mitihani ya kidato cha nne, KCSE, ikadhibitiwa vikali, na idadi ya waliopata C+ na zaidi, alama ya kuingilia chuo kikuu, ikaanguka kutoka 169,492 ya mwaka uliotangulia hadi 88,929. Waliobaki wakatosha kuingia wote katika nafasi za serikali, na madarasa ya kujilipia yakabaki na viti vitupu, wakati mikopo ya benki na mishahara ya walimu haikupungua hata senti.

Wakati huo huo serikali ilikuwa imeahidi kulipa asilimia 80 ya gharama ya kila kozi kwa kila mwanafunzi iliyempeleka chuoni. Ahadi hiyo haikutimizwa hata mwaka mmoja, na kufikia kuanza kwa mfumo wa sasa mgao wenyewe ulikuwa umeshuka hadi karibu nusu. Naomba tusimame hapa kidogo, kwa sababu mjadala mwingi wa redioni hupaparika juu ya kifungu hiki na kutua kwenye matokeo yake. Chuo kilichoahidiwa shilingi 80 kikapewa 50 bado kinapaswa kufundisha kozi ya shilingi 100. Kinachofanya ni kuacha kupeleka makato ya wafanyakazi kwenye pensheni, kutolipa kodi, kuwaahidi wahadhiri nyongeza na kutoitoa. Mgomo wa wahadhiri wa mwaka 2025, uliowaacha wanao nyumbani kwa wiki kadhaa, ulikuwa juu ya Sh7.9 bilioni za makubaliano yaliyotiwa saini miaka mingi kabla. Kwa hiyo mnapoambiwa kwamba vyuo vyetu vina madeni ya mabilioni kwa sababu ya usimamizi mbaya, kubalini kwamba usimamizi mbaya upo, nami nimeuona kwa macho yangu, lakini ulizeni pia ni nani mdaiwa wa kwanza katika mnyororo huo.

Mei 2023 Rais William Ruto alitangaza mfumo mpya. Serikali iliacha kukipa chuo mgao sawa kwa kila kichwa, na badala yake ikasema itamlipia kila mwanafunzi kwa kadiri ya hali ya nyumba anayotoka. Nyumba zikapangwa katika makundi, na sasa ni bendi tano. Wa bendi ya kwanza hupata asilimia 70 ya gharama ya kozi kama ufadhili usiorudishwa, asilimia 25 kama mkopo, na nyumba hulipa asilimia 5. Kadiri bendi inavyopanda, ufadhili unapungua na mchango wa nyumba unaongezeka, hadi bendi ya tano ambako ufadhili ni asilimia 30, mkopo asilimia 30, na mzazi hubeba asilimia 40.

Tuchukue kozi ambayo gharama yake imewekwa kuwa Sh300,000 kwa mwaka. Mzazi wa bendi ya kwanza atatoa Sh15,000, kiasi cha karo ile ya zamani. Wa bendi ya tatu atatoa Sh60,000. Wa bendi ya tano atatoa Sh120,000, na kwa miaka minne hiyo ni Sh480,000 kutoka mfukoni, huku mwanawe akihitimu na deni la Sh360,000 la karo peke yake, kabla hatujahesabu mkopo wa kujikimu, riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na faini ya Sh5,000 kwa kila mwezi atakaochelewa kulipa. Kati ya bendi ya kwanza na ya tano, basi, pana tofauti ya Sh105,000 kila mwaka kwa kozi ile ile, dawati lile lile, mhadhiri yule yule.

Nataka kuwatendea haki waliobuni mfumo huu, kwa sababu hoja yao ya msingi ni nzuri kuliko wapinzani wao wanavyokubali. Chini ya karo ya Sh16,000, mtoto wa wakili wa Nyali na mtoto wa mgema wa Kaloleni walilipa sawa. Na kwa kuwa mtoto wa wakili alisoma shule yenye maabara na walimu waliotimia, yeye ndiye aliyekuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuitwa kusomea udaktari, kozi ambayo serikali ililipia fedha nyingi kuliko zote. Fedha ya mgema, kupitia kodi ya sukari na mafuta ya taa, ilikuwa ikimsomesha mtoto wa wakili. Anayetaka turudi kwenye Sh16,000 kwa wote anapaswa kunijibu hilo, na bado sijasikia jibu la kuridhisha. Kulipa kwa kadiri ya uwezo ni kanuni ambayo hata kwenye vyama vyetu vya mazishi tunaifuata.

Ugomvi wangu uko kwenye kipimo chenyewe, na kwenye wakati kinapotumiwa.

Kipimo kinaanza kwa kuuliza pato la nyumba kwa mwezi. Bendi ya kwanza ni ya nyumba yenye chini ya Sh5,995, ya pili inaishia Sh23,670, ya tatu Sh70,000, na ya nne Sh120,000. Haya, mchukueni mvuvi wa Gazi au wa Ngomeni. Kaskazi ikivuma na bahari ikatulia, ndani ya wiki tatu anaweza kushika fedha za kumtia bendi ya tatu. Kusi ikiingia, ngalawa yake inalala mchangani na nyumba inakula kwa deni la dukani. Pato lake la mwezi ni lipi? Mwenye minazi naye anaangua kila baada ya miezi kadhaa, anauza, analipa madeni, kisha anasubiri tena. Swali la pato la mwezi ni swali la mtu mwenye hati ya mshahara. Mwana wa mvuvi anayekaa saiba, duka la kompyuta, kujaza fomu hiyo atajibu kwa kukumbuka mwezi uliopita, na jibu hilo la dakika mbili litamfuata kwa miaka minne.

Tena, miongoni mwa mambo yanayotazamwa ni kiasi ambacho familia imekuwa ikitumia katika elimu. Nawajua akina mama hapa, sitawataja, waliouza pete za arusi yao ili binti asome shule ya bweni yenye sifa. Kwenye kipimo, kujinyima kule kunasomeka kama uwezo. Mtoto aliyesomeshwa na mfadhili katika shule ya binafsi anasomeka kama mtoto wa tajiri. Na yule aliyelelewa na bibi yake Rabai, ambaye karo yake ililipwa na ami, sare akanunua khalati na nauli akatoa jirani, akiulizwa mzazi ni nani na kazi yake ni ipi, ataandika jina la nani? Katika jamii zetu mtoto ni wa ukoo mzima, lakini kompyuta inataka nambari mbili za kitambulisho.

Makosa ya kupima yangevumilika kama yangejulikana mapema. Lakini angalieni mpangilio ulivyo. Mwanafunzi huchagua kozi kupitia shirika la kuwapanga wanafunzi vyuoni, KUCCPS, akiwa anaona gharama kamili ya kozi, ile ambayo kwa udaktari ilizidi Sh600,000 kwa mwaka na kuwatisha watu mpaka wengine wakaacha kuomba kabisa. Haoni sehemu atakayolipa yeye, kwa sababu bado hana bendi. Anapopata bendi, tayari ameshapangiwa kozi. Binti wa bendi ya kwanza aliyeikimbia famasia kwa kuogopa ile bei kubwa hatajua kamwe kwamba nyumba yao ingetakiwa kutoa asilimia 5 tu. Mwana wa mwalimu wa shule ya msingi, aliyedhani atakuwa bendi ya pili, anajikuta bendi ya nne akiwa tayari Eldoret, mita chache kutoka kaunta ya kusajiliwa. Mmoja wenu aliniambia wiki mbili zilizopita kwamba barua ya bendi ilimfikia mwanawe baada ya mitihani ya kwanza, ambayo hakuifanya kwa sababu hakuwa na kadi ya mtihani, ambayo hakupewa kwa sababu karo haijulikani imelipwa au haijalipwa. Chuo chenyewe sitakitaja. Sidhani kuwa ni kimoja tu.

Malalamiko ya namna hii ndiyo yaliyofika kortini. Tarehe 20 Desemba 2024 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba mfumo huu unakiuka Katiba: kwamba unabagua, kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na kwamba serikali haiwezi kuliondoa jukumu lake la kufadhili vyuo vya umma na kulitwika mzazi. Mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, na mfumo ukaendelea kutumika. Nawaomba msiisome Katiba kwa pupa. Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya elimu, na Ibara ya 53 inampa mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Hakuna mahali panaposema kwamba shahada ni bure. Lakini suala la ushirikishwaji ni zito, kwa sababu kama mngeulizwa nyinyi, mvuvi angesimama na kulitaja lile la kusi na kaskazi ndani ya dakika tano za kwanza.

Julai 2025 serikali ilitangaza kupunguza karo kuanzia Septemba. Tuliipokea nafuu hiyo kwa mikono miwili. Hata hivyo, kinachoweza kupunguzwa kwa tangazo kinaweza kupandishwa kwa tangazo, na hapa jirani zetu wana la kutufundisha. Tanzania, mwaka 2016, makato ya waliokopeshwa na bodi yao ya mikopo yalipandishwa kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara, yakiwakuta hata waliokuwa wameshahitimu na kupanga maisha yao kwa hesabu ya asilimia 8. Juu yake palikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, iliyolifanya deni linenepe kwa kasi ambayo mwalimu wa kijijini hakuweza kushindana nayo, mpaka Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kuifuta siku ya Mei Mosi 2021. Kijana anayetia saini mkopo akiwa na miaka 18 anafunga mkataba na upande ambao unaweza kubadilisha masharti baada ya saini kukauka. Hilo ni vyema alijue.

Wako watakaosema: tuna harambee, tuna basari ya kaunti, tuna basari ya mbunge. Ni kweli, na zimewaokoa wengi katika ukumbi huu. Lakini harambee hufaa safari moja. Mwaka 1959, Wakenya walipochanga kuwapeleka vijana Marekani kwa ndege aliyoipigania mwanasiasa Tom Mboya, michango ya nyumbani ilikuwa ya kumwezesha kijana kuondoka. Karo ya wengi ilipatikana kwenye vyuo vya huko. Harambee ya mihula minane haijawahi kuchangwa, kwa sababu kufikia muhula wa tatu waalikwa hawapokei simu. Na basari ya kaunti ina ufa wa kisheria: elimu ya chuo kikuu ni kazi ya serikali ya taifa, na Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti alizuia malipo hayo kwa hoja hiyo hiyo, wazazi wakabaki na barua za ahadi mikononi.

Mji huu uliwahi kujaribu njia nyingine. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, kilianza kama taasisi ya elimu ya Waislamu, MIOME, iliyofungua milango mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa michango mikubwa ya Aga Khan, ya Sultani wa Zanzibar, ya jamii ya Mabohora na ya serikali ya kikoloni. Kilikuwa na mipaka yake, na sisemi turudi kwenye wakoloni. Ninachokisema ni kwamba waliochangia walikichangia chuo, wakanunua mashine na kujenga karakana, na mwanafunzi akaingia akazikuta. Siku hizi fedha zote zinamfuata mwanafunzi mmoja mmoja, zikichelewa kila muhula, na karakana ni ile ile.

Ningepewa nafasi ya kubadilisha jambo moja, ningegeuza mpangilio: bendi kwanza, kozi baadaye. Matokeo ya KCSE hutoka Januari, na masomo ya chuo huanza karibu miezi minane baadaye. Muda huo unatosha kuipima nyumba, kumpa mzazi nafasi ya kukata rufaa mbele ya mtu mwenye uso, chifu au mzee wa mtaa anayeijua nyumba yenyewe, na kisha kumruhusu mwanafunzi kuchagua huku kando ya kila kozi pameandikwa shilingi ambazo nyumba yake italipa kwa mwaka. Asilimia zinajulikana, gharama za kozi zinajulikana, kilichobaki ni kuzidisha. Na kiasi hicho kikishaandikwa, kisipandishwe hadi mwanafunzi huyo ahitimu. Katika bajeti ya taifa hili halingekuwa jambo la gharama kubwa; lingetaka tu serikali ijifunge mapema kwa ahadi yake, nayo tangu enzi za ile asilimia 80 imekuwa ikilikwepa hilo.

Kwa wanaofikiria vyuo vikuu vya binafsi, kumbukeni kwamba katika mfumo huu ufadhili usiorudishwa hauendi huko. Mtoto atapata mkopo peke yake. Pigeni hesabu kabla ya kuvutiwa na mabango.

Nakatiza hapa, kwa kuwa adhuhuri imekaribia. Kwenye meza zile za nyuma wapo walimu watatu wenye kompyuta. Waliokwisha kupewa bendi ambayo hailingani na hali yao waanze kupanga foleni upande wa kushoto, wakiwa na kitambulisho cha mzazi au mlezi, cheti cha kifo kama mzazi amefariki, na barua ya chifu. Wavuvi na wenye minazi, njooni na hesabu ya mwaka mzima, kusi na kaskazi, hata ikiwa imeandikwa kwenye daftari la duka. Tutaigawa kwa kumi na mbili pamoja, tuiambatanishe na rufaa.